Kifua Changu na Treni ya Baba

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayekohoa na kuficha kitambaa chake. Mimi pia nilificha. Nilimaliza shule ya msingi tu, na mkono wangu huenda polepole kwenye karatasi, lakini sasa kifua changu kimetulia na muda ninao.

Jina langu ni Ngalula. Nyumba yetu ilikuwa katika kijiji kidogo upande wa mto Lualaba, mbali kidogo na Kapata, ile cité, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nje ya Kolwezi. Baba yangu, Kazadi, ni seremala. Alitengeneza vitanda, milango, na makabati ya vyombo ambayo wake za wafanyakazi wa Kapata waliyapenda sana. Yeye alikata, akapiga randa, akaunganisha. Mimi nilipiga msasa. Ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu nilipoacha shule, nami niliipenda, kwa sababu mtu anayesugua mbao haulizwi kitu.

Mbao zetu nzuri zilitoka kwenye mti wa mulombwa. Ukiukata unatoa utomvu kama damu, na ukiusugua umekauka vumbi lake ni jekundu. Linaingia puani, kooni, chini ya kucha. Jioni sisi wa nyumba ya seremala tulitema mate mekundu na hakuna aliyeshtuka. Baba alisema, "Mutoto wa seremala anatema mbao," na Ilunga, mdogo wangu, alijipaka vumbi kwenye ulimi ili naye ateme kama mkubwa.

Basi nilipoanza kutema mekundu asubuhi, kabla sijagusa ubao wowote, nilidhani ni vumbi la jana.

Nilikonda. Nguo zikawa za mtu mwingine. Nilitoka jasho wakati wa baridi, shuka likawa kama limefuliwa na kusahauliwa kukamuliwa. Mama alinichemshia majani ya mpera, akanifunga kitambaa puani nikifanya kazi. Wote tulisema ni vumbi. Jirani alisema ni vumbi. Hata kikohozi kilipoanza kunikunja mpaka magoti, tulikasirikia mulombwa, tukaendelea kuusugua.

Kisha kampuni ya shaba ikaanza kufa. Mishahara ya Kapata ikachelewa, halafu haikuja kabisa. Hakuna mama aliyeagiza kabati tena. Watu waliagiza majeneza tu, tena madogo. Kwa hayo baba hakutumia mulombwa. Alinunua makasha yaliyowahi kuleta mashine za mgodi, akayabomoa. Mbao zake ni nyeupe na laini, na vumbi lake ni kama unga wa mahindi.

Asubuhi moja nilikuwa napiga msasa kifuniko cha jeneza la mtoto. Nikakohoa. Nilipoinua uso, ubao ulikuwa na matone mekundu.

Baba aliweka randa chini. Hakuja karibu mara moja.

"Ngalula," akasema, "hii wiki tunatumika na mbao gani?"

"Nyeupe, baba."

"Mulombwa iliisha lini?"

Nilihesabu moyoni. Iliisha tangu mvua za kwanza. Sasa mvua zilikuwa zimekolea na uyoga ulikuwa unauzwa barabarani.

"Mama Ngalula! Kuya huku!"

Mama alitoka na unga mikononi. Baba alimwonyesha ubao kwa kidole, bila kuugusa. "Haikukuwa mbao," akasema. "Siku zote zile, haikukuwa mbao." Mama aliketi chini palepale kwenye takataka za randa. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kumwona mama ameketi chini wakati wa kazi.

Ule ubao baba hakuupeleka kwa wenye msiba. Aliutupa, akatengeneza mwingine.

Alinipeleka hospitali ya Kapata juu ya baiskeli, yeye akiisukuma. Wagonjwa wa kifua walikuwa na benchi lao nje, chini ya ukingo wa bati, ili upepo uchukue pumzi zetu. Nilitaka kukaa mwisho kabisa, lakini mwisho palikuwa na mzee mmoja, mchimbaji wa zamani, mwembamba kama mpini wa jembe. Alinisogezea nafasi.

"Ikala, binti. Huku tuko kwaya. Mi niko sauti ya chini. We utakuwa soprano."

Watu walicheka, na kicheko kikawafanya wote wakohoe, wakazidi kucheka. Mimi sikucheka. Niliona kuwa kila mmoja ana kopo lake la kutemea lenye kifuniko, na kwamba hakuna anayetazama ndani ya kopo la mwenzake.

Kungoja jibu ni ugonjwa mwingine. Tulikwenda kutoa makohozi, tukarudi nyumbani, tukaitwa tena. Aliyetuita alikuwa muuguzi wa benchi letu, Mama Feza, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kanisani. Alizungumza na wazazi wangu, lakini aliniangalia mimi.

"Mutoto iko na kifua kikuu. Atapona. Lakini musikie muzuri. Kwanza sindano na vidonge, kila siku. Kisha vidonge tu, mpaka mvua iishe, na kiangazi yote, mpaka mvua ingine ikuje. Atameza mbele ya macho yangu. Akiacha katikati, ugonjwa inarudi na nguvu, na hii dawa haitasaidia tena. Na mi sina ingine. Munasikia? Sina ingine."

Baba alisema, "Tumesikia, Mama Munganga." Tangu siku hiyo hofu yangu ikawa na umbo moja tu: kuacha katikati.

Kwa sababu ya sindano, mimi na mama tulihamia kibanda cha nyuma ya hospitali, mahali wanapolala na kupika wanaowatunza wagonjwa. Ilunga alibaki na baba kijijini. Sindano iliuma mpaka nikawa nakaa upande mmoja. Masikio yalilia kama msumeno unaokata bati. Vidonge vya kwanza viligeuza mkojo wangu kuwa wa rangi ya machungwa, nami nikafikiri ninamalizika kwa chini. Niliona haya kumwuliza mtu. Nilibeba woga huo peke yangu siku nyingi, mpaka mwanamke mmoja wa benchi letu akasema kwa sauti, bila aibu, "Mi naona nakojoa Fanta!" na Mama Feza akajibu, "Njo dawa inatumika." Kama wewe unasoma hili na umeona rangi hiyo, usilie chooni kama mimi.

Baba alikuja Jumapili na makaa na mihogo. Jumapili moja alileta mabakuli. Wauguzi walikuwa wamesema niwe na chombo changu, kisichochanganywa. Baba hakuniletea kimoja. Alichonga manne: kubwa lake, la mama, langu, na dogo la Ilunga. "Sasa kila mutu iko na yake," akasema, akaanza kula katika lake kana kwamba tumekuwa tukifanya hivyo siku zote. Nilikula bukari, ugali wetu, yote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu niugue.

Sindano zilipoisha, vidonge vikawa vya kila Jumatatu na Alhamisi. Nilianza kutembea bila kushika ukuta. Ndipo mambo ya kufukuzana yakafika kwetu.

Lazima nieleze, kwa sababu wadogo hawajui. Babu yangu mzaa baba aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kapata. Kasai hajawahi kuiona, hata kwa picha. Mama ni wa kaskazini ya Katanga, mkoa ule ule wa Kolwezi. Nyumbani hakuna aliyepima nani ni wa wapi. Lakini wakubwa wa mkoa walianza kusema kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na vijana wakachukua neno hilo wakalitia katika nyimbo. Walituita bilulu, yaani wadudu. Walipita mbele ya hospitali wakiimba, "Bilulu batoke! Bilulu batoke!" na baadhi yao nilisoma nao.

Mama Feza alikuwa na desturi ya kuita majina kwa sauti. Alhamisi moja aliita, "Ngalula!" Kila mtu Kapata anajua jina hilo linatoka wapi. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alivuta kitenge chake, akasogea. Nilikuwa nimezoea watu kusogea. Lakini huyu alikuwa mgonjwa kama mimi, anakohoa kama mimi. Kutoka siku hiyo sikujua tena kama watu wananikimbia kwa sababu ya kifua au kwa sababu ya baba.

Mama Feza aliona. Jumatatu iliyofuata alitoka mlangoni na kuita, "Mutoto wa seremala!" Na mzee mchimbaji, aliyekuwa anasinzia, akasema, "Soprano, banakuita." Hawakuniita Ngalula tena mwaka ule, nami niliwashukuru, ingawa niliporudi kibandani nililitamka jina langu taratibu ili nisilisahau.

Halafu baba akaja siku isiyokuwa Jumapili. Alikuwa na sanduku la vifaa nyuma ya baiskeli, na Ilunga ameketi juu ya sanduku akishika msumeno. Nywele za baba zilinuka moshi.

"Banda imeungua," akasema. "Na mbao zote. Chifu ameniambia nisilale pale tena."

"Nani alichoma?" mama akauliza.

"Bale nilibatengenezea bitanda."

Mjomba, kaka yake mama, alikuja alasiri hiyo. Alikuwa na nyumba Manika, mtaa mwingine wa Kolwezi, na watu wake hawakuguswa. Walisimama nyuma ya kibanda, nami nilikuwa nimelala ndani, nikisikia yote kupitia mianzi.

"Shemeji," mjomba akasema, "we ni muntu muzuri. Lakini siwezi kukuficha, batachoma na kwangu. Dada yangu na batoto babaki. Bataitwa kwa jina yetu, hakuna atabagusa."

"Jina yenu? Batoto bangu?"

Kwetu, Waluba wa Kasai na wa Katanga, mtoto ni wa baba. Kumwambia mwanamume watoto wake wataitwa kwa watu wa mke ni kumwambia amekufa.

"Tunaenda wote," baba akasema. "Kasai haina hospitali?"

"Na kabla ya kufika?" Mama alikuwa ameshaanza kulia. "Bantu banalala chini pale gare, treni haina siku. Nani atamupa dawa? Ulisikia munganga. Akiacha katikati, haina ingine."

"We unataka kubaki na ndugu yako, sema tu!"

"Kazadi! Jina haiko mu kifua ya mutoto. Mu kifua iko ugonjwa!"

Nilisikia baba akiingia. Alichuchumaa mbele yangu.

"Ngalula. We unasema nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza neno kubwa. Niliangalia miguu yangu. Nilijua nikisema twende, atafurahi, na mimi nitafia njiani. Nilijua nikisema tubaki, ataondoka.

"Mi nataka kupona, baba."

Aliitikia kwa kichwa. "Ni sawa," akaniambia. "Ni sawa, mama yangu." Lakini mimi nilijisikia kama niliyemwambia: nenda.

Watu wa Kasai walikusanyika kwenye gare ya Kolwezi, kituo cha treni, maelfu yao, chini ya mashuka na mabati, wakingoja mabehewa. Baba alikaa huko mvua zote zilizobaki. Mama alimpelekea chakula. Mimi nilikatazwa, kwa sababu ya umati na kifua changu, lakini mara moja nilikwenda. Njiani vijana walikuwa wameweka magogo, wanauliza kila mtu.

"We, dada! Unaitwa nani? Baba yako iko muntu wa wapi?"

Mama alikuwa mbele, amekwisha pita. Nilijaribu kusema jina la mjomba, na badala yake kikatoka kikohozi, kile kirefu cha kukunja. Nilikunjika hadi chini.

"Yee! Huyu iko na kifua! Pita, pita! Usitukoholee huku!"

"Mufungulie njia, weye, unangoja nini?" mwingine akapiga kelele.

Waliruka nyuma kama nimeshika nyoka. Nilipita katikati yao nikiwa nimeziba mdomo. Niliogopa, lakini ndani kabisa nilitaka kucheka, na baba nilipomsimulia alicheka kweli, akajifuta macho kwa kiganja. Alikuwa amezungukwa na mbao za makasha. Watoto walikuwa wanakufa pale kwa kuhara na surua, naye alikuwa anapiga misumari. Hakuna aliyekuwa anapiga msasa. Aliniambia niondoke kabla sijaketi. "Hapa hewa haiko yako. Rudi ku dawa yako."

Siku zile duka la dawa la hospitali liliporwa. Mlango ulining'inia kwa bawaba moja. Tulifika Alhamisi tukaona vioo chini, tukaketi kwenye benchi. Mama Feza alitokea na ndoo ya unga kichwani. Aliishusha, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa vidonge vyetu vimefungwa kwenye plastiki. Alikuwa ameviondoa mapema, akaviweka nyumbani kwake chini ya unga. "Kila mutu amengoja hapa, atapata," akasema. "Mwenye hayuko, sitamutafuta. Ndoo hii haitembei mu mitaa."

Jumatatu iliyofuata tuliketi tangu asubuhi, na Mama Feza hakuja. Jua lilipanda. Mlinzi alisema barabara ya kwa Mama Feza imefungwa. Wengine walianza kuondoka. Ndipo Ilunga, aliyempelekea baba chakula, akaja mbio, bila viatu, kutoka gare.

"Yaya Ngalula! Treni iko pale! Baba anapanda! Baba anasema mukuje!"

Mama alisimama. Aliniangalia, akaangalia barabara.

"Enda, mama," nikasema. "Mi nitangoja."

"Ngalula..."

"Enda. Mama Feza akikuja na asinikute?"

Alimshika Ilunga mkono, wakakimbia. Mzee mchimbaji alinigeukia. "Binti, enda na weye, umuone baba yako. Mi nitamwambia Mama Feza." Lakini sote wawili tulijua sharti ni kumeza mbele ya macho yake. Na sote tulijua ndoo haitembei.

Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili ili nisinyanyuke. Kutoka Kapata honi ya treni husikika upepo ukija upande wetu, na upepo ulikuja. Ilipiga mara moja. Nikasema moyoni, bado, wanapakia bado. Akilini nilimwona baba akitafuta nyuso zetu kati ya watu, nikamwona akiona ya mama na ya Ilunga, na akiendelea kutafuta.

Mama Feza aliingia langoni na ndoo kichwani, nguo yake imechanika bega. Alitugawia mmoja mmoja. Alinipa vyangu vikiwa na unga, na kikombe cha maji. Nikameza. Honi ikapiga tena, ndefu, ikawa inaenda mbali ikiwa bado inapiga.

"Fungua kinywa," Mama Feza akasema, kama alivyosema kila mara, ili aone hakuna kidonge kilichobaki.

Nilifungua, na kilio kikatokea hapo. Alisubiri hadi kikaisha. Hakunikemea wala kunibembeleza. Kisha akasema, "Imeshuka. Muzuri. Alhamisi."

Tuliishi kwa mjomba, Manika. Nilimeza kiangazi chote, wakati vumbi linafunika hata mboga. Nilimeza mpaka mvua za kwanza. Mzee mchimbaji hakufika mwisho. Siku moja nafasi yake ilikuwa tupu, na sisi tuliosalia hatukuijaza. Siku niliyopimwa mara ya mwisho na kuambiwa nimemaliza, sikufurahi. Niliogopa zaidi. Kwa muda mrefu vidonge vilikuwa ukuta wangu, sasa nilitakiwa kusimama bila ukuta. Kila mafua yalinitoa jasho. Nakwambia hilo kwa sababu hakuna aliyeniambia: hofu haiishi siku moja na dawa. Inaisha polepole, nayo haiagi.

Lakini mwili ulirudi. Mashavu, mikono, nyonga. Mama alilazimika kunitafutia nguo mpya, akawa ananiangalia nikipita kama mtu anayeangalia mgeni.

Msafiri mmoja alileta habari kwamba kuna seremala wa Kolwezi anayefanya kazi karibu na gare ya mji mdogo wa Kasai, kule reli inakopita. Nyimbo zilikuwa zimenyamaza, na treni zilikuwa zimeanza kurudi. Mama hakumwomba mjomba ruhusa. Alifunga mabakuli na nguo, tukapanda. Safari ile ilikuwa ndefu, nami kila kituo niliogopa tutaambiwa tushuke, au tutafika na kuonyeshwa kaburi.

Tuliposhuka, mama alibaki na mizigo na Ilunga aliyekuwa amelala. Nilitumwa mbele kuuliza. Watu walinielekeza kwa Kiluba cha Kasai ambacho nilikielewa nusu. Niliona banda la majani, na mwanamume ameinama juu ya ubao, mgongo wake wote mifupa, nywele nyeupe. Nilisimama.

Aliinua kichwa. Alinisalimu kwa Kiluba, kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu mama wa watu. Alipoona sijibu, akajaribu Kiswahili.

"Karibu, mama. Unatafuta kitanda ao mulango?"

Hakunijua. Aliyemwacha Kapata alikuwa mifupa na macho. Nilitaka kusema jina langu, nikashindwa, nikabaki nimesimama juani na machozi yananitoka, na yeye akashangaa, akaweka randa chini, akasogea kuniuliza ni msiba gani.

Alipofika karibu akasimama. Alinyoosha mkono, akanishika hapa, juu ya kiwiko, akabonyeza kwa kidole gumba, kisha akashika mkono wa pili akabonyeza huko pia.

"Nyama," akasema. "Iko nyama."